Kabla hujachanganya dawa za magugu, chimba uhesabu nyungunyungu

Jirani yangu mmoja mkulima wa mahindi aliniita shambani siku mbili baada ya mvua kubwa. Asubuhi kama hiyo ungetegemea kuona vile vidonge vya matope ambavyo nyungunyungu huviacha juu ya ardhi. Kwake hakukuwa na hata kimoja. Ukoko mtupu, maji yametuama. Nikamuuliza alipiga dawa gani. "Zote," akajibu. Kifuniko cha glaifosati, kifuniko cha 2,4-D, atrazini iliyobaki mwaka jana, na sabuni ya unga ili dawa ishike. Vyote ndani ya bomba moja la lita 16.

Sabuni ndiyo iliyonishtua. Nyungunyungu hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Kinachoisaidia dawa kupenya jani kinaweza kumdhuru yeye pia. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiambata kimoja cha namna hiyo, POEA, kwenye dawa za glaifosati mwaka 2016.

Tena hafi papo hapo, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mwaka 2015 watafiti wa Austria walichapisha jaribio la dawa za glaifosati: nyungunyungu wakubwa wanaotoka juu usiku karibu waliacha kabisa kutoa vidonge vyao baada ya wiki 3, na uzazi wa aina nyingine, inayokaa udongo wa juu, ulishuka kwa 56% ndani ya miezi 3. Lilifanyika kwenye vyombo vya udongo, si shamba la Mbozi, lakini lilinifanya niache kuhesabu mizoga tu.

Mchanganyiko wa kiwandani umesajiliwa kwa uwiano wake. Wa kwako wa vifuniko haujapimwa na yeyote. Kwa hiyo changanya pale tu lebo inaporuhusu, pima kwa kikombe chenye alama, na sabuni ibaki jikoni. Magugu kama ndago yakiwa kona moja, piga kona hiyo. Usipige mvua ikiwa inanukia, wala jioni udongo ukiwa umelowa, maana usiku ndipo nyungunyungu wengi hupanda juu. Maji ya kuoshea bomba yasimwagwe kwenye mboji.

Sisemi urudie plau. Nayo inawakata na kuwaanika kwa kunguru. Fiwi, zao la jamii ya maharage, kati ya mistari, au mabua yaliyoachwa chini, hupunguza magugu na huwapa chakula.

Kuhesabu ni rahisi. Udongo ukiwa na unyevu, chimba shimo la sentimita 25 kwa 25, kina 30, mwaga udongo juu ya gunia uuchambue kwa mkono. Rudia sehemu tano, uandike. Fanya hivyo kabla ya kupiga dawa, kisha mwezi mmoja baadaye.

Jirani ameacha mistari sita bila dawa, anaipalilia kwa jembe. Februari tutachimba pande zote mbili.