Kupima shairi la Kireno kwa sikio lililozoea mizani za Tanga

Aliyekulia Tanga kwenye mashairi ya 8 kwa 8 (mizani 8 kila kipande) ana kosa moja linalomngoja akishika shairi la Kireno: atahesabu silabi hadi mwisho wa mshororo. Wareno hukomea kwenye silabi ya mwisho yenye mkazo, zinazofuata hawazihesabu. Kipande cha utenzi chenye mizani 8 kwao ni cha 7, kwa kuwa mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Chukua soneti (shairi la mishororo 14) ya Camões, mshairi wa Ureno wa karne ya 16. Nakili mshororo wa kwanza kwa penseli, uukate:

A/mor/é/fo/go/que ar/de/sem/se/ver

Maana yake: mapenzi ni moto uwakao bila kuonekana. Silabi ni 10. «Que ar» ni silabi moja, maana irabu hafifu inayofunga neno humezwa na irabu inayofungua neno linalofuata. Usipoziunganisha utapata 11. Lakini usiunganishe kila zinapokutana. Katika mshororo wa tatu, «É um contentamento descontente», É ina mkazo, basi iache peke yake. Ukiiunganisha na um unabaki na 9. Rekodi za sauti za Lisbon nazo zitakupotosha, kwani pale e hafifu karibu haisikiki. Hesabu kwa maandishi.

Kisha tia alama kwenye mikazo. Ikiangukia silabi ya 6 na 10, huo ni mshororo wa kishujaa. 4, 8 na 10, wa Sappho (mshairi wa kike wa Ugiriki ya kale).

Vina huanzia irabu yenye mkazo, si silabi nzima. Mshororo wa pili ni «É ferida que dói e não se sente», wa nne «É dor que desatina sem doer». Ver na doer zinalingana kwa -er, ingawa malenga wetu angezikataa; sente na descontente kwa -ente. Ubeti ni ABBA: wa kwanza na wa nne kina kimoja, wa pili na wa tatu kingine. Kina cha kati usikitafute.

Kwenye tamathali wengi huorodhesha tu: sitiari ipo, takriri ya É («ni») ipo, tanakuzi ipo. Orodha hiyo haisemi kitu mpaka uirudishe kwenye mikazo. Katika ubeti huu silabi ya 6 inaangukia arde (huwaka), dói (huuma), contentamento (furaha), desatina (hutia wazimu). Ya 10 inafunga kwa kisichoonekana, kisichohisiwa, kisicho na furaha, kisichouma. Mkazo wa 6 unadai, wa 10 unakana, mishororo yote minne.