Jinsi ya kuwasimulia watoto wa Ujiji maisha ya Harriet Tubman mpaka waelewe

Hii ni kwa walimu wenzangu, kina dada wa madrasa, na yeyote anayekaa na watoto Jumamosi jioni hapa Ujiji au Kigoma mjini na anataka kuwapa stori ya maana. Naomba tuisimulie vizuri, manake wengi tunaisimulia kama muujiza tu, mama shujaa akatoroka utumwani akaokoa watumwa wenzake mia tatu, makofi, tumemaliza, mtoto anaenda nyumbani hajui yule mama alifanyaje. Alichofanya ilikuwa kazi jamani, kazi ya kupanga, kuchagua siku, kujua nani wa kumwamini na nani hapana, na hiyo ndo sehemu ambayo mtoto anaweza kujifunza kitu.

Vitu vya kubeba: karatasi moja ya manila, maka pen, na jiwe la mizani la kilo moja. Hilo jiwe azima kwa muuza dagaa yeyote sokoni, ntaeleza la kazi gani.

Usianze na kutoroka, anza na utoto. Alizaliwa karibu na 1822 huko Maryland, Marekani, jina lake Araminta Ross, nyumbani wakimwita Minty. Baba yake Ben na mama yake Rit walikuwa watumwa, kwa hiyo na yeye akazaliwa mtumwa, mali ya mtu. Akiwa na miaka kama sita tu walishamkodisha kwa watu wengine. Nyumba moja walikuwa wanamtuma aingie kwenye maji ya baridi akaangalie mitego ya panya wa majini huku anaumwa surua. Nyumba nyingine akawekwa kubembeleza mtoto mchanga usiku kucha, mtoto akilia yeye anachapwa, na makovu ya shingoni alizeeka nayo. Hapa nyamaza kidogo, waache waongee, wapo wanaolea wadogo zao na watakuwa na maneno yao.

Sasa lile jiwe. Alipokuwa binti mdogo alikuwa dukani kijijini, msimamizi mmoja akamrushia mtumwa aliyekuwa anakimbia chuma cha mizani cha karibu kilo moja, kikamkosa yule kikampiga Minty kichwani. Pitisha jiwe mkono kwa mkono kila mtoto alishike, usiseme kitu mpaka limalize duara. Afu waambie kuanzia siku ile mpaka anakufa alikuwa anapitiwa na usingizi ghafla, hata katikati ya maongezi, na kichwa kinamuuma. Huyo huyo ndo aliyekuja kuwavusha watu usiku porini, na naona watoto wenye kifafa au ulemavu wowote wanahitaji kuisikia hii kuliko mtu mwingine yeyote.

Kutoroka simulia kwa ramani. Chora Maryland chini, Pennsylvania juu, jimbo lisilo na utumwa, katikati Delaware. Alikuwa ameshaolewa na John Tubman, mtu huru, na ameshachukua jina la Harriet. Mwaka 1849 yule aliyewamiliki akafa na ikaonekana watauzwa. Mwezi wa tisa akatoka na kaka zake wawili, Ben na Henry, mjane wa yule mmiliki akatoa tangazo gazetini, dola 100 kwa kila mmoja akikamatwa nje ya jimbo, 50 akikamatwa ndani. Kaka zake wakaingiwa na hofu wakarudi naye. Baada ya muda mfupi akaondoka tena, safari hii peke yake, karibu kilomita 145, ni mbali kuliko kutoka Kigoma mpaka Kasulu, anatembea usiku na mchana anajificha, mpaka akafika Pennsylvania.

Watauliza alijuaje njia, na ukijibu alifuata nyota ya kaskazini watatoka nje waitafute na hawataiona, kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta na ile nyota kwetu iko chini ya upeo wa macho, haitokei kabisa. Mfanye hivi: simameni ziwa likiwa mkono wa kushoto, mnakotazama ndo kaskazini, upande wa Gombe. Huko kwao ile nyota inakaa palepale usiku mzima, nyingine zote zinaizunguka, kwa hiyo mtu asiyejua kusoma, na Harriet hakujua kusoma wala kuandika, anaweza kuitegemea.

Kingine, watoto wa Kigoma wanaijua reli. Ukitaja reli ya chini kwa chini, jina la ule mtandao wa siri wa kutorosha watumwa, watawaza treni na handaki. Waambie mapema hakukuwa na treni, walikuwa watu, weusi na weupe, wanaoficha wakimbizi majumbani na kuwapitisha kwa wenzao, kama William Still kule Philadelphia na Thomas Garrett kule Wilmington.

Akishakuwa huru Harriet akawa anarudi kuwatoa wengine, na tukio la kukaa nalo sana ni la Kessiah, mpwa wake, Desemba 1850. Kessiah na watoto wake wawili walipelekwa mnadani kwenye mahakama ya mji wa Cambridge, Maryland. Mnada unaendelea, bei inapanda, mume wake John Bowley, mtu huru, naye anataja bei, akashinda. Hela hana! Wakati mnadishaji ameenda kula, Bowley akawachukua mke na watoto wakajificha nyumba ya jirani, usiku akawapakia kwenye mtumbwi mpaka Baltimore, na huko Harriet anawasubiri. Watoto wa huku mtumbwi wanaujua, ziwa usiku wanalijua, waulize nani atashika kasia, mtoto akilia mtafanyaje. Kwenye safari zingine Harriet alikuwa anawapa watoto wachanga dawa yenye afyuni ili walale.

Mbinu zake zitaje moja moja na sababu yake. Alipenda majira ya baridi kwa kuwa usiku ni mrefu. Watu wake waliondoka Jumamosi usiku kwa kuwa tangazo haliwezi kutoka gazetini mpaka Jumatatu. Nyimbo zilikuwa ishara ya hatari au ya usalama. Siku moja Harriet amebeba kuku wazima akakutana njiani na bwana aliyewahi kumtumikisha, akavuta kamba kuku wakapiga kelele wakapapatika, yeye akainama kuhangaika nao na yule bwana akapita. Bastola alikuwa nayo pia, na mtu akitaka kurudi katikati ya njia alimwambia twende au ufe, manake mmoja akirudi anaweza kuwataja wote. Hii waambie wakubwa, wadogo waruke.

Idadi semeni ya kweli: safari kama 13 ndani ya miaka kumi, watu kama 70, wengi ni ndugu na rafiki zake, na wazazi wake wazee aliwatoa 1857. Ile mia tatu imekuzwa. Baada ya sheria ya 1850 ya kurudisha watoro hata majimbo ya kaskazini hayakuwa salama, akawa anawafikisha mpaka St. Catharines, Kanada.

Sasa la kwetu, na hapa nawaomba sana muwe waangalifu. Njia ya misafara ya pembe na watumwa ilianzia hapa Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, watu walivushwa ziwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, wakafika hapa, na vizazi vyao tunaishi navyo mtaa mmoja, tunasali nao, tumeoana nao. Waeleze watoto njia hiyo, waambie utumwa Tanganyika ulipigwa marufuku kisheria 1922 tu, lakini usimwulize mtoto mbele ya wenzake asili yenu wapi, na mtoto akimtania mwenzake "babu yako mtumwa" simamisha stori umkemee hapohapo. Michezo ya kufungana kamba na kuuzana usiiruhusu hata kwa dakika moja, kuna mtoto itamuumiza na hatakwambia. Na wapo ambao wazazi wao wamevuka mpaka usiku kutoka Burundi au Kongo, hao wakitaka kusema waache waseme, wasipotaka usiwadodose.

Ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, na ya uzee wake yapitie haraka kama muda umeisha ila mambo mawili msiyaache. Tarehe 2 Juni 1863 aliongoza na jeshi la Kaskazini kwenye mto Combahee, South Carolina, usiku mmoja wakatoka utumwani watu zaidi ya 700. Na serikali aliyoitumikia kama mpelelezi na muuguzi ilimzungusha malipo miaka na miaka, mpaka 1899 ndo pensheni yake ikafika dola 20 kwa mwezi. Huku nyuma anauza bidhaa za bustani Auburn, New York, anahifadhi wasiojiweza, na 1908 nyumba ya wazee aliyoipigania ikafunguliwa. Alifariki hapo Machi 10, 1913.

Jumamosi inayofuata usisimulie tena wewe, wape karatasi na maka pen wao wasimulie kwa ramani, kila atakayesema "akatoroka" mwulize alitoka siku gani, kwa nini siku hiyo, na nani alimfungulia mlango.