Ukienda Ziwa Turkana, beba maji

Wageni wakishuka hapa Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na kuniuliza njia ya ziwani, nami huwauliza: mmebeba maji kiasi gani? Hucheka. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 250, hakuna kubwa kuliko hilo katika majangwa yote ya dunia, halafu mama muuza samaki anawatuma dukani kununua maji!

Nunua hapahapa Lodwar, lita tano kwa mtu kwa siku, zaidi mkipika. Maji ya Turkana ni ya magadi. Karibu asilimia 90 huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaoyatoa: huondoka na jua, madini yakabaki. Ukinawa, vidole vinateleza hata kabla ya sabuni. Floridi, mojawapo ya madini hayo, ndiyo inayowatia watoto wa ufuoni meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyokolea.

Kalokol, mji wa karibu na ufuo, ni kama kilomita 60 kutoka hapa. Lakini mimi huwaelekeza Eliye Springs, pia ufuoni, kwa sababu pale chini ya mikoma kuna chemchemi za maji matamu. Mwisho wa njia ni mchanga mtupu, kwa hiyo punguza upepo wa magurudumu na usisimame katikati. Ramani ya simu usiiamini sana. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza njia na nyumba.

Kisiwa cha Kati, kilicho katikati ya ziwa, kina maziwa matatu ndani ya kreta za volkano, na mamba hutaga huko. Upepo hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo mawimbi yote yanatupiga sisi wa magharibi. Nahodha akisema leo hapana, usimwongezee pesa abadili jibu. Akikubali, mwombe jaketi la kuokolea na uone petroli ya kurudia kwa macho yako. Kuoga? Waulize wavuvi wapi, wala usiende peke yako jioni.

Ukinunua mbuta (sangara) mkavu, usidanganywe na ngozi. Bonyeza nyama karibu na uti wa mgongo. Ikibonyea, amekauka nje tu, na mtafika Kitale wewe na mabuu. Nusa tumboni pia, kisha mfunge kwa gunia, si nailoni.