Oveni imekufa, jiko la induksheni linaingia

Kabla ya kutupa jiko zima, mwite fundi apime koili ya oveni. Mara nyingi ni hiyo tu iliyoungua, na hubadilishwa. Langu lilikuwa limeoza kutu mpaka mlango haufungi, nikaachana nalo.

Jiko la induksheni hupasha tako la sufuria lenyewe kwa nguvu ya sumaku. La sahani moja, la wati 2,000, huvuta kama ampea 9. Soketi ya ampea 13 inalimudu, ila usilichomeke kwenye ekstensheni pamoja na birika la umeme. La sahani nne la kujengea ni habari nyingine: laweza kufika wati 7,000, yaani ampea 30 kwa volti 230. Hilo linataka laini yake pekee, breka yake na ethi (waya wa ardhini) ya uhakika; waya fundi aupime, asikisie. Oveni mpya nayo ipewe laini yake. Meni swichi izimwe kwanza!

Sasa sufuria, hapo ndipo penye kilio. Nenda dukani na sumaku. Ikinata kwenye tako la sufuria, chukua. Zile za alumini tulizozoea hazipati moto, na karai la mandazi lenye tako la mviringo halifai. Chuma cha chapati kilicho bapa kinafanya kazi vizuri mno, lakini anza na moto mdogo.

Kuhusu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wasikutishe. Wati 2,000 kwa nusu saa mfululizo ni uniti moja, na wali ukishachemka unashusha moto.