Siku moja hadi Ziwa Ellis, Mlima Kenya: njia ya Chogoria hatua kwa hatua

Wengi wakiona picha za Ziwa Michaelson, lile lililokaa chini ya ukuta wa mwamba uitwao Temple katika Bonde la Gorges, huuliza kama wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Mimi huwauliza kwanza: usiku wa kuamkia siku hiyo utalala wapi? Hapo ndipo ziwa lako linapochaguliwa. Ukilala Nairobi, hakuna ziwa la kulifikia kwa siku moja bila kuutesa mwili. Ukilala kwenye lango la Chogoria, kama mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, ziwa lako ni Ellis, lililo karibu mita 3,450. Ukiongeza usiku wa pili Roadhead, kambi iliyo pale barabara ya gari inapoishia, kwenye mita 3,300 hivi, ndipo tunaweza kuanza kuzungumza kuhusu Michaelson, ambalo liko karibu mita 4,000, na hata hapo ni siku ndefu.

Somo hili ni la Ellis. Ni ziwa zuri mno, na linamtosha kabisa mtu anayepanda mara ya kwanza.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba huugeuza udongo wa upande huu kuwa utelezi mtupu. Upande huu wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko ule wa Sirimon, njia ya kaskazini-magharibi, na hata kiangazi uende na koti la mvua.

Hatua ya pili: kibali na mwongozaji

Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 1949, na linasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa pesa taslimu, kwa hiyo lipa ukiwa bado una mtandao na uhifadhi risiti kwenye simu. Viwango hubadilika, soma vya siku hiyo kwenye tovuti yao, usitegemee alichokuambia rafiki mwaka jana.

Usiende peke yako. Chukua mwongozaji wa Chogoria mwenye kitambulisho cha kazi. Wale vijana wamekulia chini ya mlima huo. Wanajua nyati hupenda kulala wapi, na ukungu ukishuka wanajua njia iko upande gani. Mkubaliane ujira, chakula chake na saa ya kurudi kabla hamjaondoka mjini.

Hatua ya tatu: fika langoni siku moja kabla

Kutoka Nairobi unapita Thika, Makutano, Embu, Runyenjes na Chuka. Kwa matatu, panda za Meru kisha uteremke njiapanda ya Chogoria. Mjini ndipo pa kununua mkate, ndizi na maji, maana juu hakuna duka. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni zaidi ya kilomita 20 za barabara ya udongo inayopenya msituni. Ikiwa kavu, boda boda hufika. Ikinyesha, ni gari la fobaifo lenye dereva anayeijua njia, na kuna siku hata hilo hukwama.

Barabara hiyo yenyewe ni sehemu ya safari. Unaanza na mashamba ya chai, unaingia kwenye miti mikubwa, halafu mianzi inafunga pande zote mbili hadi anga linabaki mstari tu. Samadi mbichi ya ndovu utaiona katikati ya njia. Ndiyo sababu sikubali watu watembee sehemu hii jioni, hata wawe wengi.

Hatua ya nne: lala vizuri pale langoni

Kuna uwanja wa kupiga hema na nyumba ndogo za kukodi. Kula mapema, kunywa maji na chai ya kutosha, usiguse pombe. Usiku ni baridi kali. Kichwa kikikugonga kidogo jioni hiyo si ajabu, kwa sababu mwili uliotoka Nairobi umepanda zaidi ya mita elfu moja kwa siku moja. Ukiamka asubuhi bado kinauma, na chakula hukitaki, basi siku hiyo zunguka karibu na kambi tu. Ziwa litakusubiri.

Hatua ya tano: anza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mwanga ukitosha kuona nyati kwa mbali, ondokeni. Asubuhi ndiyo yenye anga safi. Kuanzia saa nne au saa tano mawingu hupanda kutoka bondeni, na mchana vilele huwa vimefunikwa. Anayeamka saa tatu huenda asikione kabisa Batian, kilele kirefu kuliko vyote.

Kutoka langoni hadi Roadhead ni takriban kilomita 7, barabara ya gari inayopanda taratibu. Unaweza kupelekwa na gari, lakini ukiwa na nguvu tembea. Mianzi inabaki nyuma, unapita miti mizee ya hagenia yenye ndevu za kuvumwani zinazoning'inia, kisha msitu unakatika na kuanza nyika ya vichaka vya erika na nyasi zinazoota kwa mafungu. Hapo ndipo utakapokutana na lobelia. Zile zilizolala chini kama kabichi kubwa hushika maji katikati ya majani yake, na asubuhi mapema utakuta juu ya maji hayo kigae chembamba cha barafu. Barafu hiyo hukinga chipukizi la ndani lisigande. Usichokonoe. Mmea huo hukua polepole sana, na kidole kimoja cha udadisi kinaweza kuuharibu.

Mwendo wako uwe ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza. Kundi lifuate mwendo wa yule wa polepole kuliko wote, na yeye atembee mbele.

Roadhead pumzikeni, kuleni kitu. Maporomoko ya Nithi yako karibu, na ni mteremko mfupi kuyafikia. Mto huo hutoka juu, katika Bonde la Gorges, hupita kwenye kaunti ya Tharaka-Nithi, iliyopata sehemu ya jina lake hapo, na hatimaye maji yake huingia Tana. Wenye haraka wayaache hadi wakati wa kurudi.

Hatua ya sita: Roadhead hadi ziwani

Sehemu hii huchukua saa moja hadi mbili. Njia inapita karibu na Kilima cha Mugi. Wenye pumzi wakikipanda wataliona ziwa lote kutoka juu. Nyasi za mafungu huficha mashimo na maji, kwa hiyo tazama unapokanyaga. Kifundo cha mguu kilichoteguka hapa ni kazi ya watu wanne kukubeba.

Ellis ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, limekaa wazi nyikani. Magharibi yake vinasimama vilele, kaskazini kilima cha Ithanguni. Nyuma ya ukingo wa Bonde la Gorges kuna Michaelson, katika bonde lililochongwa na barafu iliyotembea zamani kutoka vileleni, barafu ambayo leo imebaki vipande vinavyokwisha mbele ya macho ya kizazi chetu. Kaeni hapo. Angalieni ndege wadogo waitwao chozi, wale wa kijani, wanavyonyonya maua ya lobelia. Msioshe vyombo wala kuoga kwa sabuni ndani ya maji, kwa kuwa kuna watu wengi chini wanaoyanywa.

Hatua ya saba: saa ya kugeuka

Saa saba mchana. Ikifika, mnageuka, hata kama ziwa mmeliona kwa mbali tu na bado hamjaligusa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya mianzi giza huingia mapema kuliko nyikani. Njiani mtakuwa na ukungu, huenda na mvua, na miguu iliyochoka. Sijaona sheria nyingine inayookoa watu mlimani kama hii, na nawaomba msiibishanie mkiwa kule juu. Ikubaliwe na wote langoni, asubuhi.

Vya kubeba

Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, soksi za akiba, sweta la sufu au fliisi, koti la mvua, kofia mbili (ya jua na ya baridi), glavu, tochi ya kichwani, mafuta ya kukinga jua, maji lita 2 au 3. Chakula kizuri ni cha kwetu: nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, njugu, chai ya maziwa kwenye themosi. Jinzi iache nyumbani. Ikilowa haikauki na inakuibia joto. Na kumbuka tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya, kwa hiyo njoo na chupa ya chuma au ya plastiki ngumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Sisi tunatoka usawa wa bahari kabisa. Usiku mmoja langoni unatutosha?

Marahaba dada yangu. Haitoshi, kwa maoni yangu. Laleni usiku mmoja Embu au Chogoria mjini, kisha mbili langoni. Siku ya katikati tembeeni hadi pale msitu unapokatika, mrudi kulala chini. Siku inayofuata ndiyo ya ziwa.

Mwanachama, Moshi: Kaka, mimi Julai iliyopita nilifika Horombo, kambi ya Kilimanjaro, mita 3,720, bila shida. Siwezi kuruka moja kwa moja hadi Michaelson?

Hongera kwa Horombo, ndugu yangu. Lakini mazoea ya mwinuko hupotea ndani ya wiki chache ukirudi chini. Ulichobaki nacho ni kujua jinsi mwili wako unavyopokea, na hilo ni jambo la maana. Anza upya: usiku langoni, usiku Roadhead, kisha Michaelson alfajiri, na saa ya kugeuka ni ileile.

Mwanachama, Thika: Nitajuaje kwamba maumivu ya kichwa yamekuwa hatari?

Kichwa peke yake: simama, kunywa maji, usipande zaidi hadi kipone. Kichwa pamoja na kutapika au kizunguzungu: teremka. Mtu akiyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kwenye mstari kisigino kwa kidole, akiongea mambo yasiyoeleweka, au akihema huku ameketi na kukohoa: teremka saa hiyohiyo, hata usiku, na asiachwe peke yake. Mwongozaji apigie walinzi wa langoni. Hospitali ya karibu iko Chogoria mjini. Kuhusu vidonge vya asetazolamidi, vya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, muone daktari kabla ya safari, hasa ukiwa na mzio wa dawa za salfa.

Mwanachama, Nakuru: Tunaweza kuchoma nyama pale ziwani? Na kuvua samaki?

Moto hapana. Nyika ile ikishika moto huwaka siku nyingi. Machi 2012 tuliona moshi wake kutoka mbali, na maeneo makubwa ya erika yaliteketea. Bebeni chakula kilichopikwa au jiko dogo la gesi. Trauti wamo, lakini uvuvi unahitaji leseni. Uliza langoni kabla hujapanda na ndoana.

Mwanachama, Nairobi: Binti yangu ana miaka tisa na anatembea vizuri. Nimlete?

Mlete, mama, kwa gari hadi Roadhead, na mtembee kipande cha mwisho tu baada ya kulala langoni siku mbili. Mtoto aliyechoka hunyamaza badala ya kulalamika, kwa hiyo muulize kila nusu saa kama kichwa kinauma, na umtazame anavyokula. Akikataa chakula anachokipenda, mnarudi.