Gofu ya diski kwenye msitu wa mlimani: anza na mwanya

Hii nawaandikia wadogo zangu wa Winooski na Burlington waliozoea kurusha diski kwenye nyasi, na sasa wanataka kupanda Smugglers' Notch, mlimani hapa hapa Vermont. Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu cha chuma kwa mitupo michache iwezekanavyo. Kwa gari ni mwendo wa chini ya saa moja. Huko kuna viwanja viwili: Fox Run Meadows, chenye uwazi mwingi, na Brewster Ridge, ambacho ni msitu mtupu. Ndiko yalikofanyika mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa mwaka 2018 na tena 2023, mwaka ambao Isaac Robinson na Kristin Tattar walitwaa ubingwa. Mimi nakipenda Brewster Ridge kuliko kiwanja kingine chochote cha Vermont, na ningependa mkicheze vizuri.

Ukifika mahali pa kurushia, kikapu kiache kwanza; mara nyingi hata hakionekani. Tafuta mwanya wa kwanza, ule ulio mita 10 au 15 mbele yako, shina huku na shina kule. Amua diski ipite wapi na kwa kimo gani: juu ya kichaka au chini ya tawi. Ukigonga mti wa karibu umepoteza mtupo mzima, na diski yenyewe huenda ikarukia bondeni. Ukigonga wa mbali, angalau umeshasogea. Kwa hiyo mwanya mpana unaokupitisha kwa kuzunguka naupendelea kuliko upenyo mwembamba ulioelekea kikapuni moja kwa moja. Vijana wenye nguvu hawapendi kuambiwa hivi, lakini miti haiangalii nguvu.

Mwanya ukishaujua, ndipo uchague diski. Diski nyingi zina namba nne: kasi, kuelea, kugeuka, na kuchepuka mwishoni. Zile za kasi ya 12 au 13 ziacheni garini, kwani zinadai nguvu nyingi, na ukikosea pembe kidogo tu zinakupeleka mbali na njia. Beba ya kumalizia, yaani ya kurushia kikapuni kutoka karibu, kama Aviar, ya masafa ya kati inayonyooka kama Buzzz, na moja ya kasi ya 6 kama Leopard. Rusha kwa utulivu, bila kukimbia, maana mizizi na mawe vitakutegua kifundo. Ukitumia mkono wa kulia kwa bekhendi, yaani mkono ukianzia upande wa pili wa kifua, mwishoni diski huchepuka kushoto. Kwa forhendi, yaani mkono ukianzia upande wake wenyewe na kiganja kikitangulia, huchepuka kulia. Jifunzeni zote mbili. Njia ikikata kulia katikati ya miti, asiye na forhendi anabaki kubahatisha.

Mlima una hesabu yake. Ukirusha kupanda, watu huinua pua ya diski, yaani ukingo wa mbele, nayo hupanda, husimama hewani na kurudi nyuma. Fuatisha mkono na mwinamo wa ardhi, na pua ishuke kidogo kuliko unavyodhani. Kuteremka, diski hukaa hewani muda mrefu na kuchepuka zaidi, basi chukua ya polepole. Karibu na kikapu, angalia ardhi inainamia wapi. Diski ikitua kwa ubapa ulio sambamba na mteremko, hulala. Ikitua kwa ukingo, hujiviringisha hadi chini kabisa. Kama nyuma ya kikapu kuna bonde na uko mbali kidogo, isogeze tu ikae karibu, kisha umalizie.

Ukiingia vichakani, toka kwa njia fupi hata kama ni ya ubavuni. Ninaposema fupi namaanisha mita 5 za kurudi njiani, kwa diski ya kumalizia, chini ya matawi, hata kwa kupiga goti. Kupenyeza kati ya mashina manane ukitumaini bahati ndiko kunakozaa mitupo saba kwenye shimo la mitupo minne. Matawi usivunje: kanuni inakutaka usimame kwa namna inayosumbua mimea kidogo iwezekanavyo. Nyoosha mguu pembeni ya shina uone mwanya uliokuwa umefichika.

Diski hupotea sana hapa, hasa majani ya miti ya mepo yakishaanguka. Nyekundu na ya chungwa huzioni kabisa msimu huo. Chukua ya buluu ya angani au ya waridi kali. Kila mtu kwenye kundi aitazame diski ya mwenzake mpaka itulie, na achague mti wa alama ilipoishia. Kwenye mashindano mna dakika 3 za kutafuta, baada ya hapo ni adhabu ya mtupo mmoja na kurudi uliporushia. Njia ikipinda, mmoja atangulie asimame pembeni, nyuma ya shina, na asirushe mtu kabla hajapunga mkono.

Vaeni suruali ndefu na kuingiza miguu yake ndani ya soksi. Kupe wa huku ni wadogo kama ufuta na huleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo mkirudi, kaguaneni nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele, watoto kwanza.

Kabla ya kupanda, fanyeni zoezi hili bustanini: simikeni fimbo mbili zikiachana mita 3, simameni mita 10 nyuma yake, mrushe diski ya kumalizia ipite katikati. Ikipita kila mara, zisogezeni zibaki mita 2, kisha badilisheni mrushe kwa forhendi.