Abiria wa meli Zanzibar: anzieni Darajani, malizieni Forodhani

Mnaopanga ziara za Mji Mkongwe mkiwa Arusha, abiria wa meli ya kitalii mwenye muda wa saa tatu apelekwe kwanza kwa gari hadi soko la Darajani. Kutoka hapo ni kwa miguu: Kanisa la Anglikana Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, kisha Ngome Kongwe na bustani ya Forodhani. Anaelekea baharini, hivyo muda ukibana mnaacha kuingia Ngome, na bandari iko jirani. Muulizeni saa ya melini. Meli nyingine hazifuati saa za hapa. Ijumaa adhuhuri mpango huu unakwama, njia za misikitini zimejaa. Meli ikitia nanga nje, hesabuni boti ya mwisho ya kuwarudisha melini, si muda wa kung'oa nanga.